Pacha wa Gasketi Iliyoungua

Mize mwanangu,

Kosa wanalolifanya wengi ni kuichukua gasketi iliyoungua, kuipeleka dukani na kusema, "Nipe kama hii." Wanailaza mpya juu ya ya zamani, wanaona matundu yanalingana, wanafurahi, wanarudi nyumbani. Hawajiulizi ile ya zamani iliungua kwa nini.

Umekwenda Wete kuagana na bibi yako na shangazi zako, na nawajua, hawatakuachia mpaka baada ya isha. Mimi nimekaa mezani tangu nilipomaliza kusali alasiri. Nikimaliza kuandika nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako la spana, maana asubuhi hicho ndicho kitu unachokigusa kabla ya chai. Sitakuandikia habari ya kufunga mlango, wala kula kwa wakati, wala watu wa Unguja na mitaa yao. Hayo nimekwambia mpaka umechoka. Nataka nikueleze gasketi.

Nianze na jana. Tulikuwa tunakula, sote watatu, ukasema kwa furaha kuhusu lori letu, "Gasketi ya Babu imepatikana. Nimeipiga picha ile iliyotundikwa bandani nikawatumia watu wa Dar es Salaam kwenye simu. Wamenitafutia pacha wake. Hawana tofauti hata chembe."

Baba yako alikuwa ameshika tonge. Hukuona, ulikuwa unachambua miba. Tonge lile hakulipeleka kinywani, alilirudisha sahanini taratibu kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

Kisha ukaongeza, "Na safari hii itakazwa kwa spana ya kipimo, si kwa mkono na bismillahi. Ingekazwa hivyo wakati ule, kaka Hamad angekuwapo leo."

Baba yako alinawa, akasema alhamdulillah kwenye sahani iliyojaa, akatoka. Ukanigeukia ukaniuliza, "Kwani nimesema uongo?" Nami nikakujibu, "Kula." Umri wote nimeutumia kufundisha sayansi, na siku niliyoulizwa swali la maana na mwanangu mwenyewe, jibu nililolipata ni hilo: kula.

Jibu lenyewe ni refu. Ndilo hili.

Unaijua gasketi ya hedi kuliko ninavyoijua mimi, lakini nivumilie, ualimu hauvuliwi kama buibui. Injini ina bloku chini na hedi juu, vyuma viwili vizito. Baina yao wanapita majirani watatu wasiopatana: moto, maji na oili. Kila mmoja ana njia yake, na kinachowatenga ni kipande kimoja ambacho unene wake hauzidi sarafu. Kikishindwa mahali padogo tu, pa upana wa punje ya mchele, moto unaingia kwenye maji. Maji yanachemka, rejeta inatapika, gari inasimama. Wengine hapo husema gari imezeeka. Gari haikuzeeka, ni jirani mmoja amevunja ukuta.

Babu, yaani lori letu, lilinunuliwa na babu yako kutoka kwa tajiri mmoja wa karafuu aliyekuwa akihama kisiwa. Lori la Kiingereza, la petroli, bodi ya mbao, hata wakati huo lilikuwa kongwe. Baba yako alilirithi akalifanya gari ya abiria: asubuhi kutoka kijijini kwetu, kupita msitu wa Ngezi hadi Konde, na siku ya mzigo hadi Wete. Aliyeliita Babu ni kaka yako. Kila asubuhi kabla baba yako hajazungusha hendeli, Hamad alikuwa akisimama mbele ya rejeta na mkoba wake wa shule akisema, "Shikamoo Babu." Baba yako, aliyekuwa ameinama na hendeli, anajibu kwa sauti nzito, "Marahaba mjukuu wangu, leo magoti yaniuma." Abiria wanacheka. Kila siku mzaha uleule, na kila siku wanacheka.

Wewe hukumjua baba yako anayefanya mzaha. Naandika haya ili ujue alikuwapo.

Mwaka uliozaliwa wewe, gasketi ya Babu iliungua. Haikuwa mara ya kwanza. Ile iliyotangulia ilidumu msimu mmoja wa karafuu, na hii nayo ikawa hivyohivyo. Tukasema, vitu vya siku hizi havina nguvu. Mimi nilikuwa na safari ya Unguja kwa mafunzo ya walimu, basi baba yako akaifunga gasketi mbovu kwenye gazeti, akaifunga tena kwa kamba ya minazi, akanipa. "Chukua sampuli," akaniambia. "Uilinganishe vizuri, Mwalimu. Weye ndiye mwenye macho ya vitabu."

Unajua desturi yetu. Huku kisiwani duka la vipuri ni ng'ambo, na mtu anayevuka ndiye duka la kijiji kizima. Anaondoka na kipande cha mnyororo wa baiskeli, na mpira wa bomba, na kifuniko cha sufuria, kila kimoja na karatasi ya jina. Hatuandiki vipimo, tunapeleka kifaa chenyewe. Kifaa ndicho kinachozungumza. Hatukuwahi kufikiri kwamba kifaa pia kinaweza kusema uongo.

Muuzaji alikuwa mzee mchangamfu. Alipekua juu ya rafu mpaka vumbi likamwingia puani, akashuka na gasketi moja ya shaba, mpya kabisa, inang'aa. Tukaziweka juu ya kaunta. Mimi sikuridhika na hapo. Nilizinyanyua zote mbili, nikazielekeza kwenye mwanga wa mlango, nikatazama tundu kwa tundu, kama nilivyokuwa nikiwaonesha wanafunzi jani chini ya lenzi. Tundu za maji, sawa. Tundu za bolti, sawa. Tundu nne kubwa za silinda, sawa.

"Pacha hawa, Mwalimu," yule mzee akasema. "Mama mmoja, tumbo moja."

Nilirudi nayo nimeipakata melini kama mtoto. Nilijiona nimefanya kazi ya kisomi. Na darasani, Mize, mimi ndiye niliyekuwa nikiwakata alama watoto walionakili jibu la jirani pamoja na kosa lake.

Sasa nakuja kwenye kukaza, kwa sababu ndiko ulikomtuhumu. Baba yako hakuwa na spana ya kipimo, ni kweli. Lakini nilisimama naye. Aliipangusa bloku kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Alianza bolti za katikati akatoka nje, kwa duru, kidogokidogo, akirudia. Aliiwasha injini ipate moto, akaiacha ipoe usiku kucha, asubuhi akazirudia bolti zote kwa mpangilio uleule. Alifanya vyote ulivyofundishwa chuoni, isipokuwa kusoma namba kwenye kipimo. Babu akanguruma. Hamad akampa shikamoo.

Gasketi haikufika msimu mwingine.

Ilikuwa masika. Hamad aliamka na homa, na baada ya alfajiri akashikwa na degedege. Mganga wa kituo cha afya alimtazama mara moja tu akasema, "Wete, sasa hivi." Wewe nilikuacha kwa jirani, ulikuwa hujaanza kutambaa. Tulipanda Babu, mimi nimempakata kaka yako mbele, na nyuma walikuwamo abiria wachache, akiwamo Bi Mgeni na pakacha lake la samaki. Alipoona hali ya mtoto, Bi Mgeni alivua kanga yake ya juu akanipitishia dirishani nimfunike.

Ndani ya msitu wa Ngezi, pale barabara inapopanda, niliona moshi mweupe nyuma yetu. Nikajiambia ni ukungu wa mvua. Kisha sindano ya joto ikalala upande wake, na rejeta ikaanza kunguruma kama birika. Baba yako alisimama, akasubiri kadiri alivyoweza kusubiri mtu mwenye mtoto kama yule, akajaza maji ya mtaroni, akazungusha hendeli. Babu akaenda hatua chache, akasimama. Akajaza tena. Safari ya tatu injini haikujibu kitu. Maji yalikuwa yameingia kwenye silinda. Hendeli haikuzunguka hata nusu.

Akaja upande wangu akafungua mlango. "Nipe mie," akasema. "N'tambeba."

Akamfunga mgongoni kwa kanga ya Bi Mgeni, kama wanawake wanavyofunga watoto, na akashika njia ya Konde kwa kukimbia. Mimi nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha, na barabara yote haikuwa na gari, kwa sababu gari ya njia ile ilikuwa yetu.

Mkono wa Hamad ulikuwa umening'inia nje ya kanga. Nilikuwa nauona mbele yangu muda wote. Kuna wakati niliona jinsi unavyoning'inia imebadilika. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Nikamwita.

"Bakar, simama."

"Hatujafika."

"Bakar. Mtoto keshakwenda."

"Hatujafika," akasema, na hakupunguza mwendo.

Alitembea naye hivyo mpaka Konde. Watu wa sokoni walipotuona walitupisha njia, na mtu mmoja akatandika jamvi jipya la kuuza chini ya kibanda chake. Hapo ndipo baba yako alipofungua kanga.

Maneno ya watu yalianza siku za matanga. Wanaume walikuwa nje, sisi ndani, na ukuta wa udongo hauzuii sauti. Nilimsikia mmoja akisema, "Dereva gani huyu ampakia mwanawe gari mbovu?" Mwingine akasema, "Gari hino toka hapo ni jeneza lenye magurudumu." Na baba yako akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kweli." Hakusema kwamba gasketi ilichaguliwa na mkewe. Hakusema ilikazwa vipi. Mimi nilikuwa ndani nimezungukwa na wanawake wananishika mikono, na nikanyamaza. Mwanzo kwa sababu ya msiba. Baadaye kwa sababu nilizoea.

Babu akakokotwa mpaka bandani. Jina la Jeneza likamshika, hata watoto wa shule wakalisema. Hapakuwa na abiria tena, na baba yako akaingia kwenye karafuu za watu.

Baada ya mwaka hivi nilimwambia nataka hedi ifunguliwe. "Ya nini?" akaniuliza. Nikamwambia nataka kujua. Akaenda kuleta spana. Tulipomaliza kulegeza bolti alishika hedi upande mmoja, akaniambia nishike wa pili. Ni nzito, unajua. Tukaenda nayo mpaka mezani.

Gasketi ilikuwa imeungua kwenye silinda ya tatu, na nilitazama kwa makini namna ilivyoungua, kama ninavyokutaka wewe utazame kila moja utakayoitoa maishani. Ingekuwa imekazwa vibaya, alama za vyuma zingekuwa kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, na uvujaji ungeanzia pale penye alama hafifu. Alama zilikuwa sawa kila mahali, kama muhuri uliopigwa na mkono uliotulia. Imekazwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ilianza kuungua kwa ndani, kwenye pete ya shaba inayozunguka tundu la silinda.

Nikairudisha juu ya bloku, kavu, nikapitisha kidole ndani ya silinda. Kidole kikakwama chini ya pete. Shaba ilikuwa imejitokeza ndani, kwa unene wa ukucha, kuzunguka duara lote. Silinda zote nne vivyo hivyo.

Nilichukua kisu nikakwangua masizi juu ya pistoni. Chini ya masizi kulikuwa na namba ndogo iliyogongwa kiwandani, namba ya pistoni ya ukubwa wa ziada. Silinda za Babu zilikuwa zimechongwa na kutanuliwa zamani, tangu enzi za tajiri wa karafuu, na pistoni kubwa zaidi zikawekwa. Tajiri hakumwambia babu yako, au alimwambia na babu yako akasahau. Tangu hapo kila gasketi iliyonunuliwa ilikuwa ya silinda ndogo, ya injini kama ilivyotoka kiwandani. Ukingo wa pete unaokaa ndani ya moto hauna chuma baridi cha kuegemea. Unawaka mwekundu, unaliwa taratibu, mpaka ukuta unatoboka. Kila iliyoungua ikawa sampuli ya inayofuata. Nami nilikuwa nimeilinganisha barabara kabisa. Nilinunua kosa lile lile, jipya, linang'aa.

Nilimweleza baba yako yote haya, nikimwonesha kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya. Umejua." Kisha akaichukua gasketi akaitundika kwenye msumari wa banda.

Miaka mingi niliamini aliitundika ili mimi niione. Kila nilipoingia kuchukua jembe niliipa mgongo. Siku moja, wewe ulikuwa tayari chuoni, nilimuuliza kwa nini hakuitupa. Akashangaa swali. "N'tupe wapi?" akasema. "Kesho mtu ataiokota, aende nayo dukani akanunue kama hiyo."

Sasa umefahamu kwa nini tonge lilirudi sahanini. Ile uliyoipiga picha ndiyo ile.

Sikulaumu, Mize. Ulichofanya ni desturi yetu ileile, na meli imekuwa simu tu. Na nani angekwambia? Nyumba hii tumeijenga juu ya kutouliza. Ulipopata kazi Unguja kwenye ile karakana ya magari ya kale, na mwenyewe akakwambia uje na lori lenu ulifufue, baba yako alisema neno moja tu, "Ichukue," nasi tukaridhika kwamba mambo yamekwisha. Leo mchana nilikwenda bandani nikafunua turubai. Umesafisha bloku vizuri sana, lakini masizi juu ya pistoni bado yapo, umeyapaka oili tu. Kwa hiyo namba hujaiona. Gasketi mpya imo kwenye bahasha yake na sikuifungua. Huenda ni ileile. Huenda wale watu wa Dar wametuma ya silinda kubwa kwa bahati. Mimi sitaki tena kitu cha bahati ndani ya injini ile.

Huko unakokwenda utaletewa magari makongwe kuliko Babu, ya kupelekea maharusi na wageni, na wenyewe watakuja wameshika gasketi mbovu mkononi. Ipokee kwa heshima, uitundike, usiitegemee. Uliza injini, si gasketi. Pima silinda kama ilivyo sasa, maana imepita mikononi mwa watu usiowajua na kila mmoja ameikwangua kidogo. Tundu la gasketi liwe kubwa kidogo kuliko silinda, kamwe lisiwe dogo. Ukinyoosha rula ya chuma juu ya hedi ukaona mwanga unapita chini yake, hedi hiyo imepinda na hakuna gasketi duniani itakayoinyoosha. Na kama hedi imewahi kurandwa mashineni imepungua kimo, basi tafuta gasketi nene zaidi, na umuulize muuzaji unene wake baada ya kukazwa, si ikiwa mpya. Iliyotoka ndani ya injini imeshabanwa, unene wake haukwambii kitu.

Watakusifia zile za kisasa za chuma, tabaka juu ya tabaka. Ni nzuri, lakini zinataka uso laini kama kioo. Bloku kongwe yenye mikwaruzo inataka kitu laini zaidi, kinachosamehe. Ukipewa ya shaba tupu iliyokwishatumika, usiirudishe hivyohivyo, imekuwa ngumu. Ichome mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini, itarudia ulaini wake. Ya zamani yenye asbesto ndani usiikwangue kavu. Iloweshe kwanza, ufunike pua. Fundi mmoja wa Konde aliyekuwa akizikwangua kwa miaka, mwisho alikuwa hawezi kupanda ngazi ya nyumba yake bila kupumzika. Tulimzika mwembamba kama mwiko.

Umeniambia hedi lazima ifungwe kabla ya safari ili chumvi ya bahari isiingie kwenye silinda. Nimefikiri. Kama gasketi haifai, zijaze silinda mafuta mazito, funika kwa ubao na turubai, lori la mjomba wako litakukokota mpaka bandari ya Mkoani adhuhuri vivyo hivyo. Kutu ya siku mbili unaweza kuipangusa.

Lililobaki ni la baba yako. Sitaki umwombe radhi kwa maneno. Akiombwa radhi anaona aibu yeye, anatafuta kazi ya kufanya nje. Wala usimweleze kwamba nimekuandikia. Lakini usivuke bahari na ile sentensi ya jana. Nimeishi na mtu aliyebeba kosa langu mgongoni tangu Konde, na najua lina uzito gani kwa sababu namwona anavyokaa. Hata wakati huu namwona kutoka dirishani. Amemaliza kuanua karafuu, amekwenda bandani, amefunua turubai, ametazama, amefunika tena. Ameiangalia bahasha ya gasketi mpya pale juu ya meza ya banda. Hakuigusa. Sasa amekaa kizingitini na mikono yake magotini, anasubiri magharibi.

Sijui kama Babu atanguruma tena. Sikwambii kwamba likinguruma, kila kitu kitarudi mahali pake. Hamad hatarudi, na mimi siku nitakayolisikia lori lile sijui kama nitaweza kusimama. Nataka tu lisimkokote mtu mwingine hadi katikati ya njia na kumwacha pale.

Hedi ni ya watu wawili. Mtu mmoja akiishusha peke yake inaangukia upande na kuikwaruza gasketi kabla injini haijawaka, hilo unalijua. Nilikuwa natazamia kuwa mimi ndiye nitakayekusaidia, kwa kuwa niliwahi kuishika. Si mimi.

Asubuhi, kabla ya chai, kwangua masizi juu ya pistoni ya tatu, ilaze gasketi mpya juu ya bloku ikiwa kavu, na umwite baba yako apitishe kidole chake ndani ya silinda.

Mama yako